Upendeleo wa kisiasa katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku: tuutafute wapi? (Mjadala wa Kanda ya Ziwa)

Mwanzisha uzi (Nyamagana, Mwanza)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kila uchaguzi unapokaribia, na hata unapokwisha, televisheni zetu hutupiwa lawama zilezile: kituo fulani kimenunuliwa, mtangazaji fulani ni kada, taarifa ya saa mbili imegeuzwa kuwa mkutano wa hadhara. Mtu mmoja anasema kituo kinawabeba wapinzani, na jirani yake, aliyeketi naye mbele ya runinga ileile, anasema kituo hichohicho ni msemaji wa chama tawala. Jambo hili linanigusa sana, kwa sababu mkazi wa Buhongwa au wa kisiwani Ukara hawezi kwenda Dodoma kusikiliza mwenyewe. Anachokijua kuhusu nchi yake hupitia kwa watu wachache walioamua jioni ile kipi kionyeshwe na kipi kiachwe.

Nianze na sisi watazamaji, kwa kuwa sehemu ya tatizo iko kwetu. Mwaka 1985 watafiti watatu, Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper, walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Waliwaonyesha wanafunzi 144 vipande vilevile vya habari za televisheni kuhusu mauaji yaliyotokea Beirut mwaka 1982, kisha wakawauliza walichokiona. Waliowaunga mkono Waarabu walikumbuka kwamba asilimia 42 ya mambo yaliyosemwa kuhusu Israel yalikuwa ya kuisifu na asilimia 26 tu ya kuilaumu. Walioiunga mkono Israel walikumbuka asilimia 16 ya sifa na asilimia 57 ya lawama. Kila upande uliamini kwamba mtazamaji asiye na upande angegeuzwa awe dhidi yao. Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba wale waliolifahamu suala lenyewe kwa undani ndio walioona upendeleo mkubwa zaidi. Kwa hiyo anayesema "mimi ni mfuatiliaji wa siasa, sidanganyiki" huenda ndiye anayepaswa kujihadhari kuliko wote.

Wapo wanaochukua utafiti wa aina hii na kuhitimisha kwamba upendeleo ni hisia tupu za mashabiki. Sikubaliani nao hata kidogo. Upendeleo upo, tena ni mkubwa, ila haukai pale tunapozoea kuutafuta. Sisi tunausikiliza katika maneno ya msomaji wa habari na tunauchungulia usoni pake, ilhali wenyewe unakaa katika mpangilio: habari ipi imetangulia, nani amesikika kwa sauti yake mwenyewe na nani amesimuliwa tu, nani amepewa dakika nzima na nani amepewa sentensi moja, na ni jambo gani halikupelekewa kamera kabisa. Kwa huku kwetu ziwani naongeza jambo lingine: uegemeaji wa televisheni humwelekea mwenye cheo kabla ya kukielekea chama.

Chukueni Star TV, kituo chetu cha hapa Mwanza. Mwanzilishi wa kampuni inayokimiliki, Anthony Diallo, amekuwa mbunge na waziri kupitia CCM, na mwaka 2010 aligombea Ilemela akashindwa na Highness Kiwia wa CHADEMA. Kwa hesabu ya kijiweni, kituo cha mwanasiasa wa CCM lazima kiwe cha CCM. Lakini Januari 2018 Mamlaka ya Mawasiliano ilipovitoza faini vituo vitano, jumla ya shilingi milioni 60, kwa kutangaza taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu ukiukwaji wa haki katika uchaguzi mdogo wa madiwani wa kata 43 uliofanyika Novemba 2017, Star TV ilikuwa miongoni mwao, pamoja na ITV, Channel Ten, EATV na Azam Two. Jina la mmiliki halitoshi kutueleza kitakachorushwa hewani. Juu ya mmiliki kuna mamlaka inayompa leseni, na mhariri aliyeshuhudia faini ile, hata kama ni wa kituo kisichoguswa, hahitaji kupigiwa simu mara ya pili.

Mfano wa pili ni wa samaki, na naujua vizuri kwa kuwa uligusa watu wengi hapa mjini. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara dhidi ya uvuvi haramu, habari za televisheni zilijaa nyavu zinazoteketezwa na viongozi wanaotoa maonyo. Wavuvi walikuwa na malalamiko yao kuhusu vipimo vya urefu wa samaki, faini na namna operesheni ilivyoendeshwa, lakini malalamiko hayo yaliishia mialoni, kule fukweni samaki wanakoteremshwa. Mwezi Juni mwaka huohuo maofisa wa wizara waliingia katika mgahawa wa Bunge, Dodoma, wakapima kwa rula samaki waliokwisha kupikwa. Hapo ndipo suala la vipimo lilipopata nafasi ya mbele katika kila kituo, likajadiliwa kwa ghadhabu, na waziri akalazimika kuomba radhi. Hoja ilikuwa ileile iliyosemwa Kirumba, Sengerema na Ukerewe kwa miezi kadhaa, na kilichobadilika ni cheo cha aliyekuwa anakula.

Naomba michango yenu, na tafadhali tusiishie kutaja majina ya vituo na kuyatukana.

Mchangiaji wa 2 (Ilemela)

Mkuu, nakushukuru kwa uzi uliotulia. Mimi ni mwanachama wa CCM na sioni sababu ya kulificha hilo. Hoja yako kuhusu mwenye cheo naipokea nusu, kwa sababu kuna kitu umekiruka. Serikali ndiyo inayojenga, inayozindua na inayoajiri, na habari ni matukio. Daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, ulitaka kituo gani kisiongoze nalo? Tumevuka pale kwa kivuko miaka yote, tukipanga foleni na wagonjwa ndani ya magari, na daraja la kilomita 3 juu ya ziwa si jambo la kuwekwa mwishoni baada ya michezo. Chama kinachotawala kikionekana zaidi kwenye televisheni, huenda ni kwa sababu kina mengi zaidi ya kuonyesha, na mpinzani ambaye kazi yake ni kuzungumza hawezi kudai dakika sawa na anayekata utepe.

Pia naomba tuwe wakweli kuhusu upande wa pili. Wapo waandishi ambao kwao taarifa ya mwanaharakati haihojiwi, ilhali taarifa ya mkuu wa wilaya inaanza kushukiwa kabla haijasomwa. Huo nao ni upendeleo.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Ilemela, hoja yako ni nzito na sitaki kuipita juu juu. Uzinduzi wa daraja lile ulikuwa habari ya kwanza kwa haki kabisa, na kituo ambacho kisingeongoza nalo kingekuwa kimeshindwa kazi. Ugomvi wangu unaanza baada ya utepe kukatwa. Daraja lilianza kujengwa mwaka 2020 chini ya Rais Magufuli na likakamilika chini ya Rais Samia, kwa zaidi ya shilingi bilioni 700 za umma, na lilizinduliwa miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu. Kuna mama lishe na wachuuzi wa pande zote mbili waliokuwa wakiishi kwa abiria wanaosubiri kivuko, na biashara yao inategemea mtu kusimama. Kuna matengenezo ya kila mwaka ambayo lazima yalipiwe. Mambo haya hayawi ya upinzani kwa kuulizwa. Mwananchi yeyote anayelipa kodi, mwana-CCM akiwemo, angependa kuyajua. Tukio lenye uzito likionyeshwa kwa sauti za viongozi peke yao, habari inabaki ya kweli katika kila sentensi na bado inaegemea.

Kuhusu dakika sawa, sidai mgawanyo wa nusu kwa nusu katika siku za kawaida. Katika kipindi cha kampeni jambo ni tofauti. Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343, iliyotumika hadi uchaguzi wa 2020, iliwapa wagombea urais haki ya kutumia redio na televisheni ya serikali wakati wa kampeni, na Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu ya jamii. Chombo kinachoendeshwa kwa fedha za wote kina deni kwa wote. Agosti 2020 viongozi wa CHADEMA waliwaondoa waandishi wa TBC katika mkutano wao wa kampeni pale Zakhem, Mbagala, kwa madai kwamba matangazo ya moja kwa moja yalikatwa. Sikufurahia kuona waandishi wakifukuzwa, kwani ripota aliyetumwa siye anayeamua kukata matangazo. Hata hivyo tukio lile lilionyesha imani ilivyokuwa imeporomoka.

Na kuhusu mwanaharakati asiyehojiwa, nakuunga mkono bila masharti. Ahojiwe.

Mchangiaji wa 3 (Mwanza, aliyewahi kuwa mwandishi wa kujitegemea)

Naomba nieleze jinsi habari inavyotengenezwa huku mikoani, kwa sababu wengi mnadhani kuna mtu anakaa ofisini na kuamuru "pendeleeni hawa". Amri za namna hiyo zipo, lakini ni chache kuliko mnavyofikiri, kwani mara nyingi hazihitajiki.

Mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, hakuna malipo, na nauli uliyotumia ni yako. Sasa kiongozi anapokuja ziara, ofisi yake inatuma mwaliko, inatenga gari la waandishi katika msafara, na mara nyingi kuna posho mwishoni. Ndani ya siku moja unazunguka wilaya mbili na kurudi na habari nne ambazo mhariri hawezi kuzikataa. Ukitaka badala yake kwenda Ukerewe kuwauliza wakaushaji wa dagaa kwa nini mikopo waliyoahidiwa haijafika, utalipia meli, utalala Nansio, utatafuta ofisa wa kukujibu, naye atakwambia yeye si msemaji. Habari hiyo moja itakugharimu kuliko itakavyokulipa. Baada ya miaka miwili ya maisha haya, mwandishi hana haja ya kuwa kada wa mtu. Njia anazopita zimeshamchagulia wa kumsikiliza.

Kisha kuna kukatwa. Unapeleka kipande cha dakika tatu Dar es Salaam, kinahitajika cha dakika moja na nusu. Sauti ya waziri haiwezi kuondolewa, na picha za msafara ndizo zinazobeba simulizi. Kinachoondoka ni maneno ya yule mama wa mwaloni, na picha yake inabaki akiwa anapiga makofi. Nimeona kazi yangu mwenyewe ikirushwa hivyo, na watu waliozungumza nami wakaniuliza mtaani kwa nini niliwahoji.

Juu ya hayo yote kuna matangazo ya biashara. Wizara na taasisi za serikali ni wateja wakubwa wa vituo binafsi, na mteja mkubwa hahitaji kutishia ndipo asikilizwe. Ndiyo maana namwambia ndugu wa Ilemela kwamba siku upinzani utakapotawala, bila kubadilisha nauli, malipo na matangazo, mtaona uegemeaji huuhuu ukiwahamia wao. Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa ikichambua ubora wa habari nchini, na tatizo moja linalojitokeza ni habari zenye chanzo kimoja na mtazamo mmoja, zinazotokana na hafla na mikutano. Sisi tuliokuwa kazini tulilijua hilo kwa miguu yetu.

Mchangiaji wa 4 (Musoma)

Sisi tulio jirani na mpaka tunafuatilia pia vituo vya Kenya, na nataka kuwaonya wanaoamini kwamba televisheni zikiwa nyingi na zenye sauti kali, tatizo limekwisha.

Baada ya kura ya urais ya tarehe 9 Agosti 2022, Tume ya Uchaguzi ya Kenya iliweka fomu za vituo vya kupigia kura katika tovuti yake, kila mtu azione. Vituo vikubwa vya televisheni vikaanza kujumlisha vyenyewe, na katika saa ileile kituo kimoja kilimwonyesha Raila Odinga akiongoza na kingine William Ruto. Fomu zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuwa ni televisheni ipi imejumlisha fomu za wapi kwanza na kwa kasi gani, na katika uchaguzi ulioishia kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85, mpangilio huo ulitosha kubadilisha sura ya skrini. Mashabiki wa kila upande waliona njama, na vituo vikapunguza kasi ya kujumlisha hadi wananchi wakabaki hawana cha kutazama. Mwanzisha uzi amesema upendeleo unakaa katika mpangilio. Naongeza kwamba hata mpangilio usio na nia mbaya huzaa tuhuma pale kituo kinapokosa kuwaeleza watazamaji jinsi kinavyofanya kazi.

Na msisahau tarehe 30 Januari 2018, Serikali ya Kenya ilipozima NTV, KTN News na Citizen kwa sababu ya tukio la Raila kuapishwa kama "rais wa wananchi". Vituo hivyo vilikaa siku kadhaa bila kurushwa. Kwa hiyo hofu ya mtoa leseni haiko upande wetu wa mpaka peke yake.

Mchangiaji wa 5 (Igoma, Mwanza)

Naomba kuongeza jambo ambalo naona wote mnalizunguka. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa. Kwa siku zile tulibaki na televisheni na redio, na simu zikawa za kupiga tu kwa jamaa zetu. Nilikuwa nyumbani na watoto. Nilichokisikia kwa masikio yangu kutoka barabarani na nilichokiona katika kituo nilichokuwa nimekifungua havikufanana, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Siwezi kusema kituo kile kilisema uongo, maana kila kilichoonyeshwa yawezekana kilitokea mahali fulani. Nilichokihitaji kama mama ni kujua kama ni salama kutoka kutafuta chakula, na kama dada yangu aliyeko upande wa pili wa mji angeweza kufika kwangu. Tangu siku hiyo nikiona foleni ya wapiga kura kwenye skrini najiuliza kamera imegeuziwa mgongo upande gani.

Mnapozungumzia upendeleo kama suala la CCM na CHADEMA, kumbukeni pia sisi ambao tulitaka tu kujua hali ya barabara.

Mwanzisha uzi

Dada wa Igoma, pole sana, na nakushukuru kwa kulisema hilo kwa uwazi. Umeweka mbele yetu aina ya upendeleo iliyo mbaya kuliko zote, ile ya ukimya, na ndiyo ngumu kuithibitisha, kwa sababu kisichorushwa hakiachi mkanda wa kurejelea. Kwa upande mwingine tulishaona mlango ukifungwa mchana kweupe: Januari 2016 serikali ilipotangaza kwamba TBC ingeacha kurusha moja kwa moja sehemu kubwa ya vikao vya Bunge, kwa sababu ya gharama iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, tulipewa badala yake kipindi cha usiku kilichohaririwa. Kabla ya hapo mwananchi alimsikia mbunge wake wa Nyamagana akiuliza swali na akamwona waziri akikwepa. Baada ya hapo mtu mwingine ndiye aliyechagua kwa niaba yake. Kwangu mimi uamuzi ule uliathiri usawa wa habari kuliko maneno ya mtangazaji yeyote ninayemkumbuka.

Mchangiaji aliyekuwa mwandishi ameeleza vema kuliko nilivyoweza mimi, na maelezo yake yananipeleka kwenye pendekezo. Tuache kuhukumu kwa kumbukumbu, kwa kuwa kumbukumbu ya shabiki ndiyo ile iliyopimwa Stanford. Tutazame taarifa ya saa mbili kwa pamoja, kwa wiki zinazofuatana, tukiandika mambo manne kwa kila habari: imewekwa ya ngapi, imechukua sekunde ngapi, nani amesikika kwa sauti yake, na nani ametajwa bila kusikika. Nimekuwa nikijaza daftari la namna hiyo peke yangu, na jambo la kwanza lililonivutia ni jinsi mikoa yetu ya ziwa inavyoingia katika taarifa ya taifa kwa milango miwili: ziara ya kiongozi na maafa. Lakini daftari la mtu mmoja ni ushahidi dhaifu, hasa la mtu mwenye msimamo kama mimi.

Ndiyo maana napendekeza wawili wawili. Ndugu wa Ilemela, kama utaridhia, utatazama kituo kimoja pamoja na mchangiaji yeyote anayeunga mkono upinzani, kila mmoja nyumbani kwake, bila kuonyeshana hadi wiki iishe. Mahali mtakapotofautiana ndipo tutajua kilichotoka machoni mwenu. Mahali mtakapokubaliana, hata kama hamkupenda mlichokiona, tutakuwa na kitu cha kumwandikia mhariri, na asipojibu, cha kulipelekea Baraza la Habari. Ndugu wa Musoma, nakuomba uchukue habari za Kenya za saa moja usiku kwa vipimo vilevile. Ndugu mwandishi, wewe utusaidie kutambua habari iliyotokana na mwaliko, kwa kuwa sisi wengine hatuna jicho hilo.

Dada wa Igoma, kwa ajili yako nimeongeza safu ya tano, ya jambo lililotokea karibu nawe siku hiyo na halikuonekana. Hiyo ijazwe kwa sentensi kamili yenye mahali na saa. Jedwali tupu nitaliweka hapa kesho jioni, na tutaanza Jumatatu.

Mchangiaji wa 2 (Ilemela)

Nimeridhia. Naomba mwenzangu awe mtu wa Nyamagana au Ilemela, ili tukitofautiana tuweze kukutana ana kwa ana, na tukubaliane mapema kama sekunde zihesabiwe kuanzia msomaji anapoanza utangulizi au kuanzia kipande chenyewe kinapoanza. Mimi napendekeza utangulizi uhesabiwe, kwa sababu mara nyingi humo ndimo habari ya upande mmoja inapomalizikia.